Je, wajua kwanini stika ya modeli inaota weupe ikishakauka?

Wanaounganisha modeli za plastiki za magari na ndege wanaijua hii: stika umeibandika, imekaa sawa, imekauka, halafu ukiigeuza kwenye mwanga ule utando mwangavu unaozunguka maandishi unaonekana una ukungu wa rangi ya fedha. Watu wanasema stika mbovu, sijui imekaa sana dukani. Mara nyingi stika haina kosa lolote, ni hewa tu imenasa chini yake.

Stika za maji ni utando mwembamba wenye wino, chini yake gundi inayoyeyuka kwa maji, halafu karatasi. Ukiiloweka gundi inaachia na unaiteleza stika mpaka mahali pake. Sasa rangi isiyong'aa haing'ai kwasababu uso wake una vilima na mabonde madogomadogo, utando unalala juu ya vilima na mabondeni inabaki hewa, na kila mwanga unapovuka kati ya utando na hewa kiasi fulani kinarudi, ndo huo weupe unaouona. Kama huamini chukua kioo cha bafuni kile chenye ukwaru, bandika selotepu upande wa ukwaru ukandamize vizuri, utaanza kuona ng'ambo, maana gundi imejaza mabonde na hewa imekosa pa kukaa.

Kwahiyo kwanza unapiga kliya ya kung'aa, yaani vanishi isiyo na rangi inayopakwa juu ya rangi, ndo ubandike, hata kama modeli yenyewe mwisho wake haitakiwi kung'aa. Mfano Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971, ile nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa: ukitaka kubandika chochote juu ya boneti hiyo, unaing'arisha kwanza, unabandika, halafu unairudisha kuwa isiyong'aa kwa kliya ya mati. Inaonekana kama kazi mara mbili lakini ndo njia. Kuna watu miaka mingi wametumia polishi ya akriliki ya sakafu, ile iliyouzwa Marekani kwa jina la Future, na kusema kweli inafanya kazi.

Halafu kuna dawa za kulainisha. Za kampuni ya Microscale ziko mbili, Micro Set unapaka chini kabla ya stika, Micro Sol unapaka juu ikishakaa. Hii ya pili inalegeza utando ufuate mistari ya milango na vichwa vya ribiti, na hapo ndo watu wanapanikika, maana stika inajikunja makunyanzi kama imeharibika kabisa. Usiiguse! Ikikauka inajinyoosha yenyewe, ukiigusa ikiwa laini hivyo inachanika au inasogea moja kwa moja.

Kwenye rangi za kuiga chuma hesabu inabadilika kidogo. Kromu ya Alclad II, rangi moja ya aina hiyo, inapigwa juu ya nyeusi inayong'aa kama kioo, kwahiyo uso tayari ni laini na hewa haina pa kujificha, na ukimwaga kliya juu yake ule mng'ao unafifia unakuwa kijivukijivu. Ndo maana kwenye modeli za ndege zinazoonyesha alumini tupu wengi wanabandika moja kwa moja juu ya rangi ya chuma na kukata utando wa pembeni karibu kabisa na maandishi kwa kisu chenye ncha kali, kwasababu hapo utando unaonekana kuliko kwenye rangi nyingine yoyote. Dawa ya kulainisha nayo uijaribu kwanza mahali pasipoonekana, sio kila rangi ya chuma inaivumilia.

Kuziba stika kwa kliya sasa. Futa kwanza mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye maji, yakibaki yanaacha madoa ya kahawia, halafu acha mpaka kesho yake maana maji yakibaki chini kliya inaweza kuvimba. Kliya za laka ndani yake kuna thina kali na stika haiipendi, ukimwaga nyingi kwa mkupuo mmoja inasinyaa au inapasuka, kwahiyo anza na vumbivumbi, mipuliziko miepesi yenye kupumzika katikati, ndo baadaye upige ya kulowesha.

Gari la metaliki likishapata kliya ya kutosha unaweza kusugua kingo za stika kwa msasa wa maji namba 2000 kwenda juu halafu polishi, ila hakikisha unasugua kliya tu. Ukishagusa chembe za alumini za rangi yenyewe panatokea doa la weusi ambalo polishi hailitoi, ni kupiga rangi upya na kutafuta stika nyingine.