Tam Dalyell bungeni: yanayosemwa na yaliyotokea

Tuanze na jepesi. Wapo wanaoamini Tam Dalyell alikuwa mbunge katika Bunge la Uskoti. Hakuwa. Bunge hilo lilianza 1999, naye alikaa Bunge la Uingereza kule London, kwa tiketi ya Labour, kuanzia 1962 hadi 2005.

Tena hakulitaka Bunge hilo la Uskoti. Kwa kuwa jina lake huenda sambamba na "Swali la West Lothian", wengi humdhania mtetezi wa ugatuzi. Mwaka 1977 serikali ya chama chake mwenyewe ilipoleta muswada wa kuipa Uskoti baraza lake, alisimama kuupinga. Aliuliza: itakuwaje mbunge wa Uskoti apige kura kuhusu mambo ya Blackburn ya Lancashire, huko England, halafu asiwe na kauli juu ya mambo yale yale katika Blackburn iliyo jimboni kwake, West Lothian? Jina la swali hilo hakulitunga yeye. Ni mbunge mwenzake, Enoch Powell, aliyelibatiza. Na anayesema lilishajibiwa atazame kumbukumbu. Januari 2004 nyongeza ya ada za vyuo vikuu vya England ilipita kwa tofauti ya kura 5, wabunge wa Labour kutoka Uskoti wakiisaidia kupita. Mwaka 2015 ikawekwa kanuni ya kuwapa wabunge wa England turufu katika sheria zinazowahusu wao tu, 2021 ikafutwa.

Kinga ya bunge nayo hueleweka vibaya. Inamkinga mbunge asishtakiwe mahakamani kwa aliyoyasema ukumbini, lakini haimkingi na Spika. Dalyell alimwandama Waziri Mkuu Margaret Thatcher miaka mingi kuhusu General Belgrano, meli ya kivita ya Argentina iliyozamishwa na Waingereza 2 Mei 1982 katika vita vya Falkland, ikiwa nje ya eneo ambalo Uingereza ililipiga marufuku, watu 323 wakafa. Zaidi ya mara moja alitolewa nje kwa kukiuka kanuni: kumwita mwenzako mwongo hakuruhusiwi, hata uwe na ushahidi mkononi.

La mwisho, na hili ndilo ninalolipenda, ni dai kwamba maswali ya mbunge asiye waziri ni kelele tu. Mwaka 1967 serikali, ya Labour tena, ilitaka kujenga kituo cha ndege za kivita Aldabra, kisiwa cha kobe wakubwa katika Bahari ya Hindi. (Wale wa Changuu, Zanzibar, ni wa asili hiyo hiyo.) Dalyell, akishirikiana na wanasayansi wa Royal Society, jumuiya ya kisayansi ya Uingereza, aliwamwagia mawaziri maswali: gharama, ndege wa baharini, sababu yenyewe ya kituo. Novemba mpango ukaachwa. Wanaompa sifa zote wanazidisha, maana pauni ilikuwa imeshushwa thamani siku chache kabla na serikali ilikuwa ikitafuta pa kubana matumizi. Ila kufikia hapo mradi ulikuwa umeshakuwa mzigo wa kisiasa, na mawaziri hawakuwa na sababu ya kuulilia.