Amani: muhogo uliozaliwa na mti wa mpira

Taasisi ya Amani, ndani ya misitu ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ili kuyajaribu mazao ya mashamba makubwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawa mikononi mwa Waingereza. Wengi huitaja kwa bustani yake ya mimea. Kwangu mimi, kazi yake kubwa kuliko zote ni ya muhogo.

Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa unamaliza mihogo, nao watafiti wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, hawakupata ukinzani wa kutosha katika muhogo wenyewe. Wakageukia Manihot glaziovii, mti wa mpira wa jamii moja na muhogo, ambao majani yake tunayala kama kisamvu cha mpira. Chotara wa kwanza aliuhimili ugonjwa, ila mizizi yake haikufaa kitu. Ikabidi azalishwe tena na muhogo, na watoto wake tena, hadi mara tatu. Kila mzao mizizi inanenepa, lakini ukinzani nao unapungua, kwa hiyo miche huachwa iambukizwe na inayougua sana hung'olewa. Ukilegeza mchujo huo, mzao wa tatu unakupa muhogo mtamu usiohimili chochote.

Kuanzia 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakaingia kwenye utafiti wa malaria. Leo yako chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mbegu za mihogo hiyo zilikwisha kufika Nigeria, ikapatikana aina iliyopewa namba 58308, ambayo IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, iliitumia sana kuzalisha aina zake kuanzia miaka ya 1970. Huku kwetu ikabaki aina yenye namba 46106/27: Kenya huitwa Kaleso, Tanzania Namikonga, na ni mmea uleule.

Namikonga inathaminiwa kwa kuhimili michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani. Ugonjwa huu ni mbaya kwa sababu shina linaweza kuonekana zima huku mizizi imeoza ndani. Basi usichague mbegu kwa kutazama majani ya juu. Kagua majani ya chini yaliyokomaa kama yana manjano kandokando ya mishipa, kisha siku ya kuvuna pasua mizizi ya kila shina. Ukikuta madoa makavu ya kahawia, shina hilo usilikatie pingili hata moja.