Ngazi ya Matatu Imeanza Kuwa Ndefu? Maswali na Majibu Kuhusu Mwili Unaozeeka

Maswali haya hunijia kila ninapoketi na vikundi vya wazee mitaani Nairobi. Nimeyapa nafasi kwa uzito ninaoyaona nao, na ndiyo maana mapaja yamepata maneno mengi kuliko makunyanzi.

Nina miaka 58, ninaishi ghorofa ya nne Umoja. Zamani nilipanda na mtungi wa gesi begani. Siku hizi nikifika ya pili nashika ukuta. Ndio uzee?

Uzee umo, ila usiusingizie kila kitu. Mwili huanza kupoteza misuli kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini, na ukishapita 60 kasi huzidi. Anayeamka akakaa kwenye matatu, akakaa dukani, jioni akakaa mbele ya runinga, huipoteza haraka zaidi, kwani misuli isiyotumwa hunywea. Mapaja ndiyo ya kwanza kulalamika.

Misuli hiyo hurudi, hata kwa aliyechelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwapa wakongwe wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 kwa wastani, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Sasa wewe wa 58 una kisingizio gani?

Tafuta kiti kisichoyumba, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, simama, kisha keti polepole ukihesabu hadi tatu. Usijitupe kitini, kule kushuka taratibu nako kunajenga. Anza mara nane, pumzika, rudia, siku tatu kwa wiki. Ukishindwa, jisukume kwa mikono mpaka siku utakapoweza bila. Na unapongoja chai ichemke, shika meza ya jikoni usimame kwa mguu mmoja. Hilo ni zoezi la kutoyumba, na yeyote anayejua makanga anavyopiga bodi gari likang'oka kabla hujashika chuma anaelewa kwa nini nalisisitiza.

Lakini kama unahema hata ukiwa umekaa, kifua kinabana au miguu inavimba, achana na kiti uende hospitali kwanza. Huenda ni moyo, presha au upungufu wa damu.

Mimi hutembea hadi stejini kila asubuhi. Haitoshi?

Inasaidia moyo, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kiasi kwa wiki. Si lazima uende msitu wa Karura. Ila kutembea peke yake hakukupi nguvu za kuinuka sakafuni ukianguka, kwa hiyo rudi kwenye kiti.

Niliambiwa mzee aache nyama na mayai. Nile nini?

Aliyekwambia hivyo sijui alitoa wapi. Shida ninayokutana nayo sana ni kinyume chake: mzee anayeishi kwa chai na mkate, kisha anashangaa mikono imelegea. Mtu mzima wa umri huo anahitaji kama gramu moja ya protini, au zaidi kidogo, kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anatafuta gramu 60 hadi 70 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva karibu 15. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumuuliza daktari wake.

Omena ni hazina: unaitafuna na mifupa yake, ukapata kalsiamu pamoja na protini. Uji wa wimbi nao una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi. Kwa mama mboga usiishie kwenye sukuma wiki. Chukua managu na terere. Meno yakisumbua, githeri huchemshwa hadi ikapondeka. Chai ngoja saa moja hivi baada ya chakula, kwa sababu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye viungo vya pakiti.

Kuna unga wa mitishamba unaouzwa ndani ya matatu. Jirani aliunywa, magoti yakapona kwa siku mbili.

Siku mbili ndizo zinazonitia shaka. Unga wa aina hiyo wakati mwingine huchanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Maumivu hutulia upesi, kisha sukari na presha hupanda na mifupa hudhoofika. Kama jirani ameutumia kwa wiki nyingi, asiuache ghafla. Aupeleke pakiti na yote kwa daktari. Mwarobaini nao ni mti wa asili kabisa, lakini unaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa anayemeza dawa za kisukari. Goti lililosagika hupata nafuu kwa mapaja yenye nguvu na kupunguza kilo.

Na ngozi?

Nairobi iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo jua huchoma hata katika baridi ya Julai. Vaa kofia. Paka mafuta ya kawaida ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Sigara huleta makunyanzi mapema. Krimu za kuchubua ziepuke kabisa. Baadhi zina zebaki, nayo huharibu figo.

Naamka saa tisa usiku, usingizi umekwisha.

Umri husogeza usingizi mapema, lakini bado unahitaji saa 7 hivi. Kahawa na chai ziishie saa nane mchana, na usilale mchana zaidi ya nusu saa. Kama kinachokuamsha ni mkojo, mara tatu nne kila usiku, kapimwe sukari, na mwanamume akaguliwe tezi dume.

Mama anakataa bakora. Anasema ni ya wazee.

Huenda alipewa isiyomfaa. Akiwa amevaa viatu, mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono. Na aishike upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma kama wengi wanavyofanya. Mjaribishe hivyo kutoka mlangoni hadi getini, kisha umuulize tena.