Hiyo si bima, hiyo ni akiba

Juzi hapa Kibokoni jirani ananambia, mwenzangu mie paka wangu nimemkatia bima. Nikamuuliza wapi, ati kwa simu, kila wiki anatupia mia mbili M-Shwari za kumpeleka paka kwa daktari akiugua ghafla. Nikanyamaza maana ni mkubwa kwangu, lakini hii sasa ni mara ya tatu mwezi huu nalisikia hilo neno likiteswa.

Bima ni mkataba, unalipa ada, kampuni inabeba hasara ikitokea, kwa masharti yao. Akiba ni pesa zako umeziweka kando. Basi.

Sasa maneno yenyewe. Bima limetujia na Wahindi, nao wamelitoa kwa Waajemi, na kwa Kiajemi bim ni hofu. Yaani ukikata bima unamlipa mtu akubebee hofu yako, kesho paka asipougua zile pesa zimeenda, usiende kuzidai, hofu ilishabebwa. Akiba nalo ni la Kiarabu, aqiba, mwisho wa jambo, kile kinachokuja nyuma, na yeyote aliyekaa madrasa analo sikioni, wal-aqibatu lil-muttaqin, mwisho mwema ni wa wachamungu. Shina lake ndilo hilohilo la neno lao la kisigino. Kwa hiyo akiba inakufuata nyuma, ni yako, lakini hofu hujampa mtu, bado umeibeba mwenyewe.

Na paka wa jirani ni dume. Dume akiziba mkojo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Wangu aliziba Jumamosi usiku, anaingia kwa mchanga, anachutama, hakitoki kitu, na mie nikadhani ni choo kigumu nikapoteza masaa. Kufika kwa daktari ni kutiwa mpira wa mkojo, dripu, kulazwa, na pesa za kutanguliza kabla hajaguswa. Hebu piga hesabu, mia mbili kwa wiki, miezi miwili, ni kama elfu moja na mia sita. Akiba inakupa ulichoweka, haijali bili imeandikwa ngapi.

Si kwamba bima ni dawa ya kila kitu. Nyingi za wanyama zina muda wa kungoja mwanzoni, ugonjwa aliokuwa nao kabla hawaulipi, na mara nyingi unalipa wewe kwanza ndio wakurudishie, kwa hiyo hata mwenye bima akiba anaitaka. (Na ile ya kutupia picha ya paka kwa grupu ya familia saa sita usiku ni mchango, msiniletee.)

Basi jirani yangu, endelea na mia mbili zako, wallahi unafanya vizuri kuliko wengi, ila iite akiba. Na siku ukimpeleka kuchanjwa, muulize daktari za kutanguliza usiku huwa ngapi, ujue unaweka mpaka zifike wapi.