Spana ya racheti ni nini hasa, na yale meno 72 yanahusu nini

Ukitaja racheti huku Mtwara wengi wanawaza lile hendo la kuchomekea soketi, lile linalokaa kwenye boksi la plastiki na soketi zake zimepangwa. Spana ya racheti ni kitu kingine. Ni spana ya kawaida kabisa kwa kuiangalia, upande mmoja mdomo wazi, upande wa pili ringi, ila hilo ringi linazunguka ndani ya kichwa chake: ukivuta linakamata nati, ukirudisha mkono linateleza bila kuigeuza nati, unavuta tena, na spana hujaitoa kwenye nati hata mara moja.

Ndani mle kuna gia ndogo yenye meno, na pembeni yake kuna kijino kinachosukumwa na springi. Ni ileile kazi ya friwili ya baiskeli, ukipiga pedali mbele tairi inaenda, ukirudisha nyuma inalia tu tiki tiki tiki.

Sasa meno. Nati ina kona 6, ringi la kawaida lina kona 12 ndani, kwa hiyo kila ukivuta lazima upate nafasi ya kuzungusha mkono digrii 30 ndo ukaichomeke upya kwenye kona inayofuata. Sehemu ya wazi hakuna shida. Ila ingiza mkono kwenye injini ya kigari kidogo cha Toyota, unataka kulegeza boliti ya namba 12 (yaani ya spana ya milimita 12) ya kukazia oltaneta ubadilishe mkanda, kushoto kuna bodi, kulia kuna paipu ya rejeta, mkono wenyewe umepinda, hizo digrii 30 huzipati na unabaki kuchomeka na kuchomoa huku umejichubua vidole. Racheti ya meno 72 unagawa 360 kwa 72 unapata 5, yani ukisogeza mkono digrii 5 tu tayari imeshakamata jino lingine. Ya meno 36 inataka digrii 10, ya meno 90 inataka 4, na zipo za 120 zinazotaka 3.

Usije ukadhani meno mengi ndo ubora lakini. Meno yakiwa mengi kwenye gia ileile yanakuwa madogo, kampuni inayotengeneza kwa chuma kizuri inamudu hilo, ila ile ya bei ya kutupa iliyoandikwa meno 120 mi nisingeiamini kwenye nati iliyokaza. 72 inatosha kwa mtu wa nyumbani.

Na hapa ndo wengi wanaua spana zao: racheti siyo ya kuvunjia nati ngumu, yani kuilegeza kwa mara ya kwanza. Pikipiki iliyopigwa na hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani mwaka mzima, nati za ekzosi zimeshikana na kutu, afu mtu anachukua racheti anaongezea na bomba kwenye mpini, kinachofuata ni kile kijino kuruka na spana inakuwa inazunguka huku na huku bila kukamata chochote. Nati ngumu paka oili ya kulainisha, iache, afu ivunje na spana ringi ya kawaida ndefu, bora zaidi soketi ya kona 6, ikishalegea ndo unaleta racheti umalizie kwa raha. Kukaza vilevile, racheti inakufikisha karibu, ule mkazo wa mwisho mpe ringi la kawaida.

Zipo za aina mbili. Kuna ambayo ili ibadili uelekeo unaigeuza spana yenyewe chini juu, na kuna yenye kiswichi kidogo kichwani. Ya kugeuza ina kichwa chembamba kidogo na vitu vya kuharibika ni vichache, ila ina mtego wake. Unafungua boliti ndefu sehemu finyu, boliti inatoka taratibu inakuja nje, kichwa chake kinasogea mpaka kinagusa bodi na spana imebanwa katikati, mbele haiendi, kuitoa haitoki, na kurudisha boliti ndani huwezi kwa sababu upande huo inateleza tu!! Yenye kiswichi unabadili unairudisha boliti ndani unachomoa spana yako. Kwa hiyo kabla hujaanza kuzungusha angalia boliti ikitoka itaishia wapi. Na ujue vichwa vya hizi spana, vyote, ni vinene kuliko ringi la kawaida, kuna sehemu havitaingia, so spana zako za zamani usizigawe.

Kuhusu seti, usinunue wingi wa vipande. Gari za Toyota ukiwa na 10, 12, 14, 17 umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi, pikipiki ongeza 8 na 13 (nati za tairi za gari ni habari nyingine, hizo ni za wili spana). Seti ya 8 mpaka 19 bila kuruka namba ni nzuri ukiwa na hela ya korosho mkononi, ila 9, 11 na 18 zitakaa muda mrefu bila kazi. Angalia isiwe seti ya inchi, ya nusu inchi ni milimita 12.7, inaweza ikaingia kwenye nati ya 12 ikacheza ikakulia kona zote. Na kama lengo lako ni mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, boliti zake nyingi ni za aleni (zenye tundu la kona 6 kichwani), spana hizi hazitakusaidia sana pale.

Dukani ishike, zungusha ringi kwa kidole. Ikihitaji nguvu kurudi nyuma achana nayo, maana nati ikishalegea itakuwa inarudi nayo badala ya kutoka. Tafuta maandishi ya Cr-V (chuma cha kromiamu na vanadiamu) kwenye mpini, ingawa siku hizi hata feki wanaandika.

Za kwangu nikimaliza kazi nafuta kwa kitambaa chenye oili, hasa zikitoka kwenye mchanga wa Newala, na kichwani naweka tone la oili nyepesi. Grisi nzito siweki, inamshika yule kijino anachelewa kurudi.