Ugonjwa Ukitangazwa, Tununue Nini na Tuache Nini?

Machi 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13, Tanzania tarehe 16. Watu wakamiminika madukani. Maswali ya siku zile hurudi kila mlipuko unapotajwa.

Nina watoto. Kuna ubaya gani nikijaza stoo?

Chakula cha wiki moja au mbili si kosa. Shida inaanza pale kila mwenye gari anapobeba cha miezi mitatu siku ileile. Mama anayenunua mafuta ya kupima na sukari robo kilo hana hela ya kuweka akiba. Anategemea kukuta kitu dukani jioni, kwa bei ya jana. Sisi tukishafagia rafu, anayelala njaa ni yeye, ingawa hakushiriki pupa hiyo. Huyu ndiye wa kumfikiria kabla hujaongeza katoni ya pili.

Na barakoa?

Machi 3, 2020, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba ununuzi wa pupa na ulanguzi vinawaacha wahudumu wa afya bila kinga. Bei ya barakoa za hospitali ilikuwa imepanda mara sita. Muuguzi anakaa na wagonjwa zamu nzima. Akiugua yeye, wodi inabaki bila mtu. Nunua za kuwatosha nyumbani, basi.

Nasikia kuna dawa inatibu. Ninunue kabla haijaisha?

Hapana, tafadhali. Mwaka huohuo watu waligombania haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyodaiwa kutibu Korona. Wagonjwa wa lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), wanaoimeza miaka yote, wakaikosa. Baadaye majaribio makubwa yakaonyesha haiwasaidii waliolazwa kwa Korona, na ukiimeza kiholela inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwenye presha, kisukari au VVU ndiye anayehitaji akiba ya dawa zake mwenyewe: azungumze na kliniki yake mapema.

Vitakasa mikono vimekwisha. Nichanganye gongo?

Usijaribu. Kitakasa kinahitaji alkoholi isiyopungua asilimia 60, na gongo huwezi kujua ina nini ndani. Nyingine ina methanoli, ambayo ni sumu. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha. Kirusi cha Korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Sugua sekunde 20, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Ndoo yenye koki inafaa kabisa.

Duka limepandisha bei ghafla. Nifanye nini?

Tunza risiti, ripoti. Nchini Kenya, mwaka 2020, Mamlaka ya Ushindani iliiamuru supamaketi moja iwarudishie pesa wateja iliowauzia vitakasa mikono kwa bei ya kuruka. Kwa Tanzania, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Ukikosa risiti, andika jina la duka, tarehe na bei uliyolipa siku hiyohiyo.