Panadol nyeupe na ujumbe wa P/500

Ule ujumbe umerudi. Paracetamol iliyoandikwa P/500, "nyeupe sana na inang'aa", eti ina virusi vya Machupo, watumie wote unaowapenda. Wiki hii nimeonyeshwa simu mara nne hapa kaunta ya duka la dawa, Kirumba, Mwanza, na huyo wa nne ndiye aliyenichokoza niandike. Mama muuza dagaa wa Mwaloni. Nimempa panadol, akachomoa kidonge kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Dokta, mbona kinang'aa?"

Kimeshindiliwa na mashine, mama. Na 500 ni miligramu. Machupo ipo kweli, lakini ni ya Bolivia, huenezwa na mkojo na kinyesi cha panya wa huko, na kirusi hakizaliani ndani ya kidonge kikavu. Hilo limeisha.

Kinachonikera ni kingine. Ujumbe hauna tarehe, hauna kiwanda, hauna namba ya toleo. Dawa mbovu haiondolewi sokoni kwa rangi! Huondolewa kwa namba ya toleo, ile iliyopigwa kwenye pakiti karibu na tarehe ya kuisha muda, maana kiwanda hicho hicho chaweza kutoa toleo bovu leo na zuri kesho. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari ya dawa za maji za watoto kule Gambia, lilitaja dawa nne kwa majina, na kiwanda juu. Tangazo la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, likinifikia, naenda moja kwa moja kwenye rafu kulinganisha namba. Huu wa P/500 unanituma nikalinganishe nini? Weupe?

Ila nikiri: dawa bandia zipo, na mimi na shahada yangu siwezi kukutambulia kidonge bandia kwa macho, hiyo ni kazi ya maabara. Kwa hiyo hofu ya yule mama siicheki. Hata paracetamol yenyewe tunaiuza kutwa, na jinsi hasa inavyotuliza maumivu wataalamu bado wanabishana.

Nikamuuliza ametumia nini tangu asubuhi. Akafungua kifundo cha khanga: panadol zake za zamani, zisizo na P/500, na pakiti ya dawa ya mafua. Nikaigeuza ya mafua. Paracetamol miligramu 500 kila kidonge. Alikuwa amemeza mbili za huku na mbili za kule, asubuhi, na tena mchana. Vidonge vinane, gramu nne, kikomo cha mtu mzima kwa saa 24, na ilikuwa saa tisa alasiri. Ini halijali umepata paracetamol kwa jina gani.

Nikachukua kile kinachong'aa, nikamwambia hadi kesho asimeze tena panadol wala ya mafua, na akisikia kichefuchefu au maumivu ya tumbo asingoje, aende hospitali. Simuuzii kitu.

Akafunga kifundo chake, akaguna. "Si nilikuambia, dokta, hizi zina kitu?"